Mekatilili wa Menza na Miti ya Kaya

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Methali hii tunaiandika kwenye insha zetu ili tupate alama, halafu kengele ikilia tunaisahau papo hapo. Mwaka huu nimeonelea niwaletee wanachama wenzangu na walimu wetu maisha ya mama mmoja ambaye hakuisahau hata alipofungwa mbali na kwao. Mama huyo ni Mekatilili wa Menza, shujaa wa Wagiriama.

Jina lake si geni kwa yeyote aliyekaa darasa la historia. Tunajua aliwapinga Waingereza. Tunajua alipelekwa Kisii akatoroka. Lakini liko jambo moja ambalo huwa tunalipita mbiombio tukikimbilia tarehe za mtihani, nalo ni miti. Ni kweli kwamba ugomvi ulianza na kodi na kazi za shamba la mzungu. Hata hivyo, kitovu cha ugomvi wenyewe kilikuwa msitu mmoja wa asili uliozunguka maskani ya Wagiriama, na msitu huo ulipolipuliwa, ndipo nchi ikawaka moto. Kwetu sisi wa Kariobangi, ambao mti tukiuona huwa umepigiliwa misumari ya matangazo ya waganga na vyumba vya kupanga, nadhani sehemu hiyo ya hadithi ndiyo inayotuhusu zaidi.

KUZALIWA NA KULELEWA

Mekatilili alizaliwa katika karne ya 19 huko Mutsara wa Tsatsu, sehemu za Ganze, katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Kilifi. Jina lake la utotoni lilikuwa Mnyazi, na baba yake aliitwa Menza. Alikuwa binti pekee kati ya ndugu wa kiume. Alipoolewa na kujaliwa mtoto wa kiume aliyeitwa Katilili, watu wakamwita Mekatilili, yaani mama yake Katilili, kama vile sisi tunavyomwita mtu Mama Otieno au Mama Njeri. Jina la mtoto likamezwa na la mama, na la mama likaenea nchi nzima.

Wazee wa Kigiriama husimulia kwamba alipokuwa msichana, mmoja wa kaka zake alikamatwa na wafanyabiashara wa watumwa sokoni, wala hakuonekana tena. Mtoto anayeshuhudia mambo kama hayo hakui akiwa na imani na wageni wanaokuja kuomba vijana wa kazi. Pia alikulia katika masimulizi ya Mepoho, mwanamke mtabiri wa Kigiriama, aliyetangulia kuwaonya watu wake kwamba watakuja wageni ambao watavuruga nchi na desturi zake.

Aliolewa na Dyeka wa Duka huko Lango Baya. Mume alipofariki, Mekatilili akabaki mjane. Sasa hapo ndipo pana jambo la kushangaza kwa wale wanaofikiri kwamba zamani mwanamke hakuwa na sauti. Kwa desturi ya Wagiriama, mjane mtu mzima aliweza kusimama mbele ya wazee na kusema lake. Mekatilili hakuwa chifu, hakuwa tajiri, hakusoma shule yoyote. Alikuwa na ulimi, alikuwa na ujasiri, na alikuwa na haki hiyo ya mjane. Vitu hivyo vitatu vilimtosha.

KAYA NI NINI?

Kabla ya kwenda mbele yatupasa tuelewe kaya, maana bila kaya hadithi hii haina mguu wa kusimamia. Katika Kiswahili chetu cha vitabu, kaya ni watu wa nyumba moja. Kwa Wamijikenda, yaani Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wakauma, Wajibana na Wachonyi, kaya ni mji wa asili wa mababu. Ulijengwa kwenye uwazi katikati ya msitu mnene, na uliingiwa kwa vijia vichache vyenye malango. Humo ndani lilizikwa fingo, yaani kago la kuilinda jamii nzima. Humo ndimo wazee walimozikwa, mvua ilimoombwa, kesi zilimokatwa na viapo vilimoapwa. Kaya ya Wagiriama ndiyo Kaya Fungo, upande wa Kaloleni.

Msitu wa kaya haukuwa pambo. Kwanza ulikuwa boma. Adui aliyetaka kuingia ilimbidi apite kwenye vijia vile vyembamba, na huko alingojewa. Pili ulikuwa duka la dawa, kwa sababu mizizi, magome na majani ya kutibu watu yalitoka humo. Tatu ulikuwa ukumbi wa baraza, kwani wazee wa kambi, yaani baraza kuu, walikutana chini ya miti yake. Kwa hiyo sheria zilikuwa kali: hukati mti wa kaya, hulishi mbuzi ndani yake, huingii bila ruhusa. Ndiyo maana misitu ya kaya imebaki na miti ambayo kwingineko pwani imefyekwa: mivule, mibambakofi ambayo mafundi huitamani kwa milango na fanicha, misandarusi, mikwaju, na mibuyu ya miaka na mikaka.

Kufikia siku za Mekatilili Wagiriama wengi hawakuwa wakilala ndani ya kaya. Walikuwa wametawanyika mashambani hadi ng'ambo ya Mto Sabaki, wakilima mahindi na kuyauza, na mambo yao yalikuwa mazuri. Lakini kila mmoja alijua kwao ni wapi. Mtu wa Sabaki na mtu wa Kaloleni walikuwa ndugu kwa sababu ya miti ile.

BWANA SHAURI ANAKUJA

Mwaka 1912 serikali ya kikoloni ilimleta Arthur Champion awe Bwana Shauri Msaidizi katika nchi ya Wagiriama. Kazi aliyopewa ilikuwa kukusanya kodi ya nyumba, kuweka wakuu watakaotii serikali, na kutafuta vijana wa kwenda kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya pwani. Serikali ilikuwa pia na mpango wa kuwahamisha Wagiriama walioishi ng'ambo ya Sabaki, ambako ardhi ilikuwa na rutuba.

Wagiriama hawakuona sababu. Mtu anayelima mahindi yake akauza na akashiba, kwa nini aende kumlimia mwingine kwa ujira mdogo? Wengi walinung'unika kimyakimya. Mekatilili yeye hakunyamaza. Alianza kuzunguka kijiji kwa kijiji akitumia ngoma ya kifudu, ambayo kwa kawaida ni ngoma ya matanga. Ngoma ikilia watu hukusanyika, na watu wakikusanyika mtu huweza kuhutubu. Akawaeleza kwamba wakitoa vijana wao leo, kesho watatoa ardhi, na keshokutwa hawatakuwa na la kutoa.

Kuna kisa ambacho Wagiriama husimulia hadi leo. Inasemekana kwamba katika mkutano mmoja na Champion, Mekatilili alileta kuku mwenye vifaranga akamtaka mzungu yule ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Champion aliponyoosha mkono, kuku akamparura. Mama akawa ameshafundisha somo lake mbele ya halaiki: kama kuku anamtetea kifaranga wake, itakuwaje mama wa binadamu?

KIAPO NDANI YA MSITU

Katikati ya mwaka 1913 Mekatilili aliwaita watu wakutane Kaya Fungo. Walikuja kwa wingi, wanaume kwa wanawake. Pamoja naye alikuwa mzee Wanje wa Mwadorikola. Ndani ya msitu ule viliapwa viapo viwili vizito. Wanawake waliapa kiapo cha mukushekushe, na wanaume wakaapa kiapo cha fisi. Walioapa walijifunga kutompa mzungu kodi, kutompa vijana, na kutowasikiliza wakuu aliowaweka.

Hebu fikiria, mwanafunzi mwenzangu. Hawakuwa na bunduki za maana wala simu wala gazeti. Walichokuwa nacho ni mahali pamoja ambapo kila Mgiriama alipaheshimu. Neno lililosemwa mashambani liliweza kupuuzwa, lakini neno lililosemwa chini ya miti ya kaya lilikuwa deni mpaka kaburini. Baada ya kiapo kile kazi ya Champion ilikwama. Akiita mkutano haji mtu. Akitaka vijana hapati. Wakuu wake wenyewe waliogopa hata kuonekana naye.

KISII NA SAFARI YA KURUDI

Tarehe 17 Oktoba 1913 Mekatilili alikamatwa. Yeye na Wanje wakahukumiwa kifungo cha miaka mitano na kupelekwa Kisii, upande wa pili kabisa wa nchi. Serikali ilidhani imemaliza maneno. Mtu wa pwani katika milima ya Kisii, hajui lugha, hajui njia, hana ndugu, ataenda wapi?

Kumbe mama alikuwa na lake. Tarehe 14 Januari 1914 yeye na Wanje walitoroka. Kutoka Kisii hadi nchi ya Wagiriama ni zaidi ya kilomita 600 hata ukipima kwa mstari mnyoofu, na hakuna mtu anayetembea kwa mstari mnyoofu. Walipita mabonde na nyika, katika nchi yenye simba na yenye vituo vya serikali iliyokuwa ikiwatafuta. Mekatilili wakati huo alikuwa mama mtu mzima, si kijana. Walifika. Sisi tukikosa matatu ya kutoka mjini hadi Kariobangi jioni tunalalamika kutwa nzima!

BARUTI

Waingereza hawakuwa wajinga. Walichunguza wakagundua kwamba nguvu za watu hawa hazikuwa mikononi mwa Mekatilili peke yake. Zilikuwa katika kaya. Mtu unaweza kumfunga, lakini msitu wenye viapo utaufungaje? Basi wakaamua kuuvunja. Tarehe 4 Agosti 1914, siku ileile Uingereza ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani huko Ulaya, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Mti mkubwa wa kaya ulipasuliwa, malango yakaharibiwa, miti mingine na nyumba zilizokuwamo zikachomwa moto.

Ukisoma habari hii harakaharaka utaona ni miti tu. Lakini jiulize ni kwa nini serikali yenye askari, mahakama na jela itumie baruti kupigana na mti. Ni kwa sababu adui alikuwa ametambua thamani ya mti ule. Alijua kwamba ukiondoka, watu watakosa pa kukutania, pa kuapia na pa kukumbukia.

Mwezi huohuo vita vikazuka. Wagiriama walipigana kwa mishale na mapanga, nao askari wa King's African Rifles wakajibu kwa bunduki, wakichoma vijiji na kuteka mbuzi. Wengi walikufa. Mekatilili na Wanje walikamatwa tena mwezi wa Agosti na kupelekwa mbali na kwao. Vita vilipokwisha, Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000 na kutakiwa watoe wanaume 1,000 wa kuwa wapagazi katika vita vya wazungu. Wale wa ng'ambo ya Sabaki walifukuzwa mashambani mwao. Lazima tuseme ukweli: katika vita vile Wagiriama walishindwa.

KURUDI KWA MAMA

Lakini kushindwa vita si kuisha kwa watu. Serikali yenyewe iliona kwamba nchi haitawaliki kwa kuchoma tu. Baada ya miaka michache Wagiriama waliruhusiwa kurudi ng'ambo ya Sabaki, na wazee wakaruhusiwa kurudi kayani. Mwaka 1919 Mekatilili aliachiliwa. Alirudi moja kwa moja kwenye ile ile Kaya Fungo iliyolipuliwa, akaishi huko, akawa kiongozi wa baraza la wanawake huku Wanje akiwa upande wa wanaume. Angeweza kujikalia shambani ale mahindi yake kwa amani. Yeye akachagua kukaa penye visiki.

Alifariki mwaka 1924 na kuzikwa Bungale, huko Magarini. Leo ana sanamu mjini Malindi, na kila mwaka Wagiriama humkumbuka kwa ngoma na maombi.

Na ule msitu? Msitu ulirudi. Mizizi ya miti ya asili ina subira; ukiiacha itachipuka, na wazee waliendelea kuulinda kwa sheria zilezile. Kuanzia mwaka 1992 misitu mbalimbali ya kaya ilianza kutangazwa kuwa hifadhi za kitaifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaiingiza misitu ya kaya za Wamijikenda, Kaya ya Wagiriama ikiwamo, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Baruti ya 1914 ilipiga kelele siku moja. Kaya ipo hadi leo, ingawa sasa inatishwa na wachoma mkaa, wachimba mawe na wanyakuzi wa ardhi.

NA SISI WA KARIOBANGI JE?

Mtu atauliza, mambo ya Kaloleni yanatuhusu nini sisi tunaoishi kati ya Outering Road na Dandora? Kwetu hakuna kaya, kuna ploti. Hakuna msitu, kuna Light Industries, makelele ya vyuma na moshi.

Jibu langu ni kwamba kila jamii iliyohamia hapa ilitoka mahali penye mti wake. Wakikuyu walisali chini ya mugumo. Wakamba wana ithembo, kichaka cha sadaka ambacho hakikatwi ovyo. Waluhya waliapa kwa murembe, na aliyeapa uongo alijua kitakachompata. Tulipokuja mjini tulibeba lugha zetu, vyakula vyetu na majina yetu. Miti tuliiacha mashambani, tukadhani mjini haina kazi.

Tena wengi wetu hatujui hata upi ni wa kwetu na upi ni mgeni. Jakaranda inayopendeza kwa maua ya zambarau imetoka Amerika ya Kusini. Mkaratusi umetoka Australia, na ulipandwa humu nchini mwanzoni mwa karne ya 20 ili kupata kuni za garimoshi. Siichukii miti hiyo, mgeni ni mgeni, tumkaribishe. Ila wenyeji ni wengine: mugumo, mukinduri ambao majani yake hung'aa kama fedha upande wa chini, nandi flame yenye maua mekundu kama moto, na migunga ya nyika ambayo ilikuwa hapa Eastlands kabla ya jiwe la kwanza la mji kuwekwa. Miti hii imezoea udongo wetu mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata viatuni wakati wa mvua. Ndege wanaijua, nyuki wanaijua. Sisi tu ndio hatuijui.

Hata hapa mtaani mti haukosi baraza lake. Tazama palipo na mti mmoja wenye kivuli: fundi wa viatu yupo hapo, mama wa mboga yupo hapo, wazee wa drafti wapo hapo, na vijana wa bodaboda wanangojea abiria. Habari ya msiba inapelekwa hapo, mchango unachangwa hapo. Mti ukikatwa watu hao hutawanyika, na kila mtu hurudi kwenye chumba chake akafunga mlango. Miaka ya 2010, Outering Road ilipokuwa ikipanuliwa, miti ya kandokando ilikatwa. Barabara tunaifurahia, hatukatai. Lakini ni wangapi kati yetu wanaoweza kutaja jina la hata mti mmoja ulioondoka?

Eastlands yetu nayo ina historia ya miti. Tarehe 5 Juni 1977 Profesa Wangari Maathai na wenzake waliandamana hadi Kamukunji, si mbali na hapa, wakapanda miti saba kwa heshima ya mashujaa saba wa jamii mbalimbali za Kenya. Kutoka kwa miti hiyo saba likazaliwa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Si miti yote saba iliyoishi, lakini kazi iliyoanza siku ile imepanda mamilioni. Wangari naye, kama Mekatilili, aliona kwamba mti na shujaa ni watu wa ukoo mmoja.

Kwa hiyo napendekeza chama chetu cha Kiswahili kifanye mambo matatu mwaka huu. Kwanza, kila mwanachama auchague mti mmoja wa asili ulio karibu na kwao, aulize wazee jina lake kwa lugha zao, matumizi yake na visa vyake, na atuletee tuyachape katika toleo lijalo. Hiyo pia ni kazi ya lugha, kwa maana mti usio na jina ni rahisi kukatwa. Pili, tung'oe misumari kwenye miti ya njia tunayopita kuja shule, kwa ruhusa ya wahusika. Tatu, msimu wa mvua za masika tupande miche ya mugumo na mukinduri mahali penye nafasi, tena tuimwagilie maji hata likizo, si kupanda kwa ajili ya picha halafu mbuzi wakala.

Mekatilili alitembea kutoka Kisii hadi pwani ili arudi kwenye miti ya kwao. Sisi ya kwetu iko nje ya lango. Tuanze na kuijua kwa majina.